Maswali yenu: Mbona 9 Disemba ni ya Bara peke yake?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwanangu wa darasa la tano kaniuliza mbona 9 Disemba inaitwa Uhuru wa Tanzania Bara wakati kafundishwa Tanzania ilizaliwa 1964, nikakosa cha kumjibu. Halafu ile stori ya mwenge kupandishwa Kilimanjaro siku ya uhuru ni kweli au ni maneno tu? Mama wa darasa la tano.

JIBU: Nzuri mama, na huyo mtoto mpe hongera zake kabisa. Nchi iliyopata uhuru 9 Disemba 1961 ni Tanganyika, Tanzania ilikuwa bado. Zanzibar walipata wa kwao 10 Disemba 1963 ila siku wanayoienzi zaidi ni Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Muungano ukafuata 26 Aprili mwaka huohuo. Kwa hiyo Bara ndo ile Tanganyika, na mimi naona tuwatajie watoto jina hilo bila kuzungukazunguka, ni historia yao.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Ile 1961 tulijitawala lakini Malkia wa Uingereza alibaki mkuu wa nchi, Mwalimu Nyerere akawa Waziri Mkuu, halafu Januari 1962 akajiuzulu mwenyewe akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akakijenge chama chao cha TANU, fikiria mtu anaachia cheo hicho wiki chache tu baada ya uhuru! Tukawa Jamhuri 9 Disemba 1962, ndo Mwalimu akawa Rais, yaani tarehe moja imebeba mambo mawili.

Mwenge ni kweli kabisa mama. Mwalimu aliusema tangu 1959 kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kwamba tungependa kuuwasha tuuweke juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu, na wakati huo nchi nyingi za jirani bado zilikuwa chini ya wakoloni. Basi wakati Dar es Salaam bendera ya Mwingereza inashushwa, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa mlimani akasimika mwenge na bendera yetu. Kilele kile Wajerumani walikuwa wamekipa jina la Kaiser wao, Wilhelm, leo ni Uhuru.

Gwaride, mizinga, ngoma na msamaha wa wafungwa mnaviona wenyewe kwenye tivii, ingawa kuna miaka sherehe hazifanyiki, kama 2015 Magufuli alipoamuru watu wafanye usafi nchi nzima.

Mwonyeshe na nembo ya taifa, mwenge umo na Kilimanjaro umo.