Swali: Boeuf bourguignon yangu nyama imekuwa kavu na mchuzi una ugwadu, nakosea wapi?

Dada mmoja wa Arusha ameniandikia hivi: "Shefu habari za kazi, juzi ilikuwa birthday ya mume wangu nikasema nimpikie ile nyama ya ng'ombe ya Kifaransa ya wine, nikanunua steki safi kilo moja na nusu haina hata mafuta, wine nyekundu chupa nzima, nikachemsha masaa mawili. Nyama ikatoka kavu kama kamba, mchuzi mwepesi afu una ugwadu na kaladha fulani ka chuma. Nikaweka sukari, wapi! Na wanangu pia walikula, hivi ile pombe si inaisha yote?"

Pole dada yangu, na hongera kwa kujaribu maana hiki chakula wengi wanakiogopa bure. Kosa lako la kwanza umelifanya buchani kabla hata hujawasha jiko. Steki isiyo na mafuta ni nyama ya kukaanga haraka, ukiipika masaa mawili unaikamua tu maji kama nguo. Bourgogne kwenyewe, kule Ufaransa kilikotoka, hiki kilikuwa chakula cha nyama ngumu, sehemu ambazo ng'ombe anazifanyisha kazi, kwa hiyo mwambie muuza bucha akupe bega au muundi, ile yenye kano na utando mweupe katikati ambayo wewe ungemwambia aitoe. Ule utando ndo mali. Moto mdogo wa muda mrefu unaugeuza gelatini, na gelatini ndo inafanya nyama ionekane laini na mchuzi ushike mdomo. Wafaransa kwenye mapishi ya jamii hii wengine wanatumbukiza mguu wa ndama kwa sababu hiyohiyo, sa wewe kongoro unalo hapo sokoni, omba kipande kimoja kiingie sufuriani afu utakitoa mwishoni (mimi sikitoi, nakila mwenyewe jikoni).

Kuhusu muda, recipe za Ulaya zinakwambia masaa mawili na nusu mpaka matatu, lakini ng'ombe wetu wa kuchunga, amechinjwa alfajiri na saa nne yuko kwenye sufuria, mpe masaa matatu na nusu hata manne. Usiangalie saa, choma na uma, ukiingia na kutoka bila nyama kuufuata imeiva. Na moto uwe wa chini kweli, mchuzi utoe povu moja hapa, moja pale. Ukiona unatokota kwa fujo nyama inajikunja na kutema maji yake yote. Kama una oveni weka nyuzi 150 na mfuniko juu usahau, kama ni mkaa punguza mkaa ufunike na majivu.

Sasa ile ladha ya chuma, bila shaka umepikia sufuria la alumini, haya yetu ya kawaida. Wine ina asidi, ikikaa masaa kwenye alumini isiyopakwa kitu inaila, na ladha inahamia kwenye chakula. Tumia stainless au sufuria zito la chuma lililopakwa enameli.

Ugwadu ni habari nyingine. Asidi ya wine haiondoki na mvuke, kinachoondoka ni pombe na maji, kwa hiyo ukimwaga chupa nzima juu ya nyama bila kitu chenye utamu cha kupigana nayo lazima ikukabe koo. Fanya hivi: kausha nyama na tishu mpaka isiwe na unyevu kabisa (najua tumezoea kuosha, osha basi, lakini ikauke), kaanga mafungu madogo madogo ipate rangi ya kahawia nzito, ukijaza sufuria inatoa maji inachemka badala ya kukaangika. Itoe. Weka vitunguu na karoti, za kutosha, utamu wao ndo utapigana na asidi siyo sukari yako, vikilainika nyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano na kijiko cha nyanya ya kopo, kaanga dakika mbili, ndo umwage wine. Hapo chukua mwiko ukwangue ule ukoko wa chini wote, ladha iko pale. Ila ukoko uwe wa kahawia, ukishakuwa mweusi osha sufuria uanze upya, mimi mwaka wangu wa kwanza jikoni nilijifanya sijaona nikamwaga wine juu ya ukoko ulioungua, nyama kilo nane ikawa chungu na hakuna kilichoirudisha.

Acha wine ichemke wazi mpaka ibaki kama nusu, afu rudisha nyama, supu ya mifupa isiyo na chumvi ifikie karibu na usawa wa nyama, thaimu, jani la bay, vitunguu swaumu. Chumvi kidogo, nyingine mwisho. Limao na tangawizi viache kabatini leo. Bekoni, vitunguu vidogo vizima na uyoga vikaange pembeni uviongeze nusu saa ya mwisho, ukiviweka mapema vinayeyuka. Mchuzi ukiwa bado mwepesi toa nyama, uchemshe wenyewe bila mfuniko.

Wine yenyewe iwe dry, yaani isiyo tamu. Bourgogne wanatumia wine ya zabibu za Pinot Noir ambayo haina ukakasi mwingi, lakini nyekundu dry ya Dodoma inafanya kazi vizuri tu, ile tamu ndo usiiguse kwa hiki chakula.

Na hapana dada, pombe haiishi yote. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha ukichemsha nusu saa inabaki kama 35%, masaa mawili na nusu inabaki kama 5%. Kwenye presha kuka mvuke umefungiwa ndani, kwa hiyo wine ichemshe wazi kabla hujafunga. Pombe inayobaki ni kidogo, ila kwa watoto, na kwa mgeni asiyetumia pombe kabisa, mimi natenga nyama pembeni nawapikia na supu na nyanya, na siiti bourguignon.