Maharagwe hayaivi, na jirani hajanizoea

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tumehamia Jambiani tangu mwezi wa Aprili tukitokea Nakuru, Kenya, baada ya mume wangu kupata kazi ya ufundi wa majokofu katika hoteli moja ya upande huu wa mashariki. Nilidhani kwamba kwa kuwa tunasema Kiswahili hatutahangaika, lakini kila siku inakuja na jambo lake. Maharagwe niliyokuwa nikiyachemsha kwa saa mbili sasa yanashinda jikoni kutwa na bado ni magumu, sabuni haitoi povu, na cherehani yangu niliyokaa nayo miaka kumi bila tatizo imeshika kutu katika miezi michache. Mwanangu wa pili anachekwa shuleni kwa namna anavyosema, na yule mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ameanza kufuatana na wenzake kwenda mbali baharini maji yanapotoka, nami sijui kama nimzuie au nimwache. Nasikia pia kwamba ukifika mwezi wa Ramadhani sisi tusiofunga tutapata taabu. Lakini linaloniuma zaidi ni la jirani. Wiki ya kwanza aliniletea sahani ya wali wa nazi na samaki. Tukala, nikaiosha sahani, nikairudisha jioni ile ile na kumshukuru. Tangu siku hiyo ananijibu salamu kwa heshima, basi, wala haniiti barazani kama anavyowaita wengine. Nimekosea wapi?

Mama wa Nakuru, Jambiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hilo la sahani, kwa sababu likitengenea, mengi ya hayo mengine utaelezwa na jirani huyo huyo, tena vizuri kuliko nitakavyokueleza mimi.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Inapoletwa na chakula, hubaki kwako siku mbili tatu, hata wiki, mpaka nawe upike kitu cha kuitilia, na kama huna cha kupika basi hutiwa ndizi mbili au maandazi machache. Wewe uliiona kuwa ni adabu na usafi kuiosha na kuirudisha upesi, lakini yeye aliiona kama mtu aliyelipa deni dukani na kwenda zake. Hakukasirika, kwani mgeni husamehewa. Ameelewa tu kwamba hutaki mazoea, naye amekuheshimu kwa hilo. Kwa hiyo mpikie kitu cha kwenu. Mukimo ungefaa sana, kwa kuwa una mbatata, mahindi na njegere, vitu ambavyo sote tunavijua, lakini ulivyopondwa na kuchanganywa pamoja utakuwa mgeni kwake, na hapo mtapata la kuzungumza. Usianze na nyama, kwa sababu huenda akajiuliza imechinjwa na nani, akaona haya kukuuliza.

Nenda baada ya sala ya alasiri, wakati ambao wanawake wengi huwa wamemaliza kazi za ndani. Piga hodi, na usipoitikiwa mara ya tatu, rudi. Ukikaribishwa, kaa kwanza. Usitoe sahani mlangoni na kugeuka. Muulize hali yake, na ya watoto, na ya mama yake ikiwa yu hai, naye atakuuliza vivyo hivyo, kisha mtaulizana tena kama kwamba hamkuulizana. Usione kwamba ni kupoteza wakati. Huko kwenu salamu ni mlango wa mazungumzo, na huku kwetu mara nyingi ndiyo mazungumzo yenyewe. Niliwahi kukaa Nairobi miezi sita nikimwuguza dada yangu, na kila asubuhi nikimsalimia kila niliyekutana naye kwenye ngazi za ghorofa, mpaka mama mmoja akanivuta pembeni na kuniuliza kwa huruma kama nilikuwa na shida ya pesa. Basi nawe usipite mbele ya baraza kimya hata ukiwa na haraka, na dukani badala ya kusema "nipe sukari" sema "naomba unipatie sukari". Ni neno moja tu linalozidi, lakini muuzaji ataacha kukuona mkali.

Sasa maharage. Nakuru iko juu, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, ilhali hapa huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo maji yako yanapochemka huwa na moto zaidi kuliko ya kwenu, na ungetarajia maharage yaive mapema zaidi. Kosa ni la maji. Jambiani na sehemu kubwa ya mwambao huo imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanapopita katika mawe hayo hubeba chokaa. Chokaa hiyo ndiyo inayokaza ganda la haragwe na ndiyo inayoizuia sabuni isitoe povu. Yaloweke maharage usiku kucha na utie magadi kidogo sana, yale yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi kwenu Kenya, kisha asubuhi yamwage maji hayo na upike kwa maji mengine. Usitie tungule (nyanya) wala ndimu kabla hayajaiva, kwa sababu ukali wake nao huyakaza. Wenyeji wenye paa la bati huweka pipa chini ya mfereji na kukinga maji ya mvua wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli, mwishoni mwa mwaka. Hayo hayana chokaa, nayo huivisha maharage na kufulia nguo nyeupe vizuri. Kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, yatumieni kwa kuoshea tu. Na siku ambayo huna subira, pika choroko.

Kutu ya cherehani inatokana na upepo. Mmefika Aprili, kusi linapoanza, na katika miezi ya kusi upande wa mashariki hupigwa na upepo unaotoka moja kwa moja baharini ukiwa umebeba chumvi. Iondoe cherehani kwenye dirisha linalotazama bahari, ifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kushona, itie mafuta kila wiki, na uifunike kwa kanga kuukuu, si kwa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani. Mumeo kwa ufundi wake anayajua haya kuliko mimi, ila huenda hajaulizwa nyumbani.

Kuhusu mtoto na bahari, usimzuie. Ukimzuia atakwenda kwa siri, na hilo ndilo la hatari. Badala yake jifunzeni pamoja hesabu ya maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo maji yaliyokuwa yametoka jana saa nne asubuhi leo yatatoka karibu na saa tano. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hutoka mbali sana, kisha hurudi kwa nguvu, na tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa huweza kufika mita nne. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, ambayo hayana pupa. Tundika ukutani kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Zikifika siku za mwanzo wa mwezi au za katikati yake, ujue kwamba ni bamvua.

Siku hizo za bamvua ndizo ambazo wanawake huteremka kwenye mashamba ya mwani, kazi iliyoanza Jambiani na Paje mwaka 1989, na hakuna mwalimu wa bahari aliye bora kuliko wao. Mwambie mwanao kwamba wanawake wa mwani wakianza kurudi pwani, naye arudi, hata kama pale aliposimama maji hayajafika kwenye kifundo cha mguu. Maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na pwani, nawe ukiwa bado umesimama mahali pakavu huku ukidhani kwamba una wakati. Hata vijana waliozaliwa hapo huzungukwa. Avae viatu pia, kwa ajili ya wale wadudu wenye miiba mirefu mieusi.

Yule anayechekwa skuli (nawe zoea neno hilo, kwani huku shule ni skuli) mweleze kwamba Kiswahili alichokisoma Nakuru kina asili ya Unguja, kwa sababu mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wazee wa Makunduchi, ambako si mbali na kwenu, wana Kikae chao ambacho hata sisi wa mjini hakituelei sawasawa. Baada ya muhula mmoja atakuwa anakurekebisha wewe.

Ramadhani haitakuwa na taabu mnayoihofia. Pikeni na mle ndani ya nyumba yenu, msile wala kunywa njiani mchana, na watoto wadogo hakuna atakayewalaumu. Mkajitambulishe kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kama bado, na vibali vyenu vya ukaazi viwe hai.

SWALI: Tumerudi Wete, Pemba, baada ya miaka mingi Uingereza, na fanicha tulizozileta kwa kontena zimeanza kuvimba na kumenyuka pembeni. Kabati la nguo lina ukungu. Fundi ananishauri nizipake rangi. Je, itasaidia?

Baba wa Wete

JIBU: Haitasaidia, ndugu yangu. Nyingi ya fanicha hizo ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, nao ukishavimba haurudi, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Zilizo nzima zinyanyue kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao, uziachie nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani, na siku za jua uache milango ya kabati wazi. Ukungu ufute kwa siki, uache kabati likauke, ndipo ufukize udi. Watu wengi huanza na udi, na ukungu hubaki pale pale ukinukia. Zilizovimba usizigharamie tena, na pesa ya rangi mpe fundi huyo iwe kianzio cha kitanda cha mvule.