Mama ameficha gitaa la baba

Shikamoo Shangazi! Nina miaka 24, ni mwalimu wa chekechea Kericho. Tangu utotoni naimba kantri, muziki wa Kimarekani ambao marehemu baba alikuwa akitusikilizisha redioni kila Jumapili. Jumamosi huenda Nakuru kuimba na bendi hotelini, na wateja husema nina sauti ya Dolly Parton. Sasa mtu anayejiita meneja anataka Sh80,000 anipeleke Nashville, kitovu cha kantri huko Marekani. Nataka kuacha kazi. Lakini mama akisikia kantri hulia, na wiki jana alificha gitaa la baba. Asema huo ni muziki wa wageni na walevi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama kwenye hilo gitaa. Mama angekuwa analichukia, angeliuza zamani. Kalificha. Huenda kila ukitoka nalo Jumamosi anamwona mumewe akitoka, na anakumbuka alivyokuwa akirudi. Kaa naye jioni moja, na usianze na habari zako. Muulize baba alilinunua wapi, na alikuwa akimwimbia nini walipokuwa wachumba. Kisha nyamaza usikilize.

Huyo wa Sh80,000 usimpe hata ndururu. Meneja wa kweli hula asilimia ya anachoingiza msanii; hamkamui msanii ambaye hajaingiza kitu. Tena viza ya matembezi haimruhusu mtu kuimba kwa malipo Marekani. Na hapo Nashville penyewe, kwenye baa za Broadway, wapo wapiga gitaa hodari ambao hushinda jukwaani wakitegemea bakshishi za wateja.

Sasa nami nikuulize: umetunga nyimbo ngapi? Barua yako haitaji hata mmoja, na hapo ndipo ninapokuonea wasiwasi kuliko kwa mama au kwa meneja. Wanakusifu kwa sauti ya mtu mwingine. Huyo Dolly ni mtoto wa nne kati ya 12 wa mkulima maskini wa Tennessee. Alihamia Nashville mwaka 1964, siku moja tu baada ya kumaliza shule ya sekondari, na kilichomfungulia njia mwanzoni ni nyimbo alizotunga, nyingine zikaimbwa na wenzake. Hadi leo huimba umaskini wa kwao. Nawe kwenu kuna nini? Kuna mashamba ya chai, mvua ya alasiri, na mjane aliyelea watoto.

Wala usikubali kwamba kantri ni ngeni kwenu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika wilaya ya Kericho na mitambo yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani ambaye sauti yake ilifika huko kwa santuri. Jina lake walikuwa wameligeuza Chemirocha, na yeye wakamfanya kiumbe nusu mtu, nusu swala! Hawakumwiga yule mzungu. Walimwingiza katika wimbo wao, kwa lugha yao. Nataka ufanye hivyo hivyo, kwa Kipsigis, Kiswahili au Kiingereza, lugha yoyote unayoiotea ndoto.

Kazi usiiache. Likizo za shule zitumie kutunga, na nyimbo zikikamilika zisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla hujazipeleka studio. Jumamosi za Nakuru endelea nazo, ila kila wiki tia wimbo mmoja wako katikati ya zile wanazozijua, uone nani anaacha kula akakusikiliza. Mwimbaji wetu Sir Elvis amejenga jina lake la kantri hapa hapa Nairobi. Na wale mabinamu wa Eswatini, Dusty na Stones, walifika Nashville kurekodi na Texas kushindana wakiwa na nyimbo walizotunga wenyewe. Safari yako ikija, ije hivyo.

Wimbo wa kwanza utunge kuhusu gitaa lililofichwa. Ukikamilika, mwimbie mama jikoni kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sauti tupu. Akilia, mwache alie. Gitaa usimwombe, akitaka, atalileta mwenyewe.

Shangazi