Mtoto Yangu, Ile Kofia Haukuiona? Jinsi Nilivyopatana na Subjonctif Imparfait ya Kifaransa

Nilipoanza kutafuta kazi za kutafsiri hapa Arusha, nilipewa ukurasa mmoja wa majaribio. Mistari ishirini na kitu, barua ya kiofisi ya zamani, Kifaransa kwenda Kiswahili. Niliumaliza kabla ya chai ya saa nne, nikajiona bingwa. Sentensi iliyoniangusha ilikuwa fupi kuliko zote: *Mieux informé, le directeur eût refusé.* Nikaandika bila kutua, "Baada ya kuarifiwa vizuri, mkurugenzi alikataa."

Aliyesahihisha alikuwa mzee wa Bukavu, mpole, miwani imeshuka hadi puani. Hakukata sentensi yangu. Alichukua karatasi ya Kifaransa, akazungushia wino mwekundu herufi moja tu, ile *û*, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mtoto yangu, ile kofia haukuiona?"

Sikuiona. Na kofia ile ndiyo ilibeba habari yote. *Eut* bila kofia ni jambo lililotukia. *Eût* yenye kofia, katika sentensi kama ile, ni "angali": "Kama angaliarifiwa vizuri, mkurugenzi angalikataa." Maana yake hakukataa. Alikubali, kwa kuwa hakujua. Nilikuwa nimempa mtu kauli iliyo kinyume kabisa cha alichokifanya, tena kwa Kiswahili safi kisicho na doa.

Nilirudi nyumbani nikafanya kosa la pili, na hili ndilo ninalotaka ulikwepe. Nilifungua kitabu cha vitenzi kwenye *subjonctif imparfait*, ile hali tegemezi ya wakati uliopita ambamo *eût* inatoka, nikaanza kukariri majedwali kama mtoto wa madrasa: *que je chantasse, que tu chantasses, qu'il chantât, que nous chantassions, que vous chantassiez, que ils chantassent*. (Hiyo ya mwisho ni *qu'ils*. Wiki ya kwanza nilikuwa naikosea kila siku.) Wiki tatu zikapita hivyo. Niliweza kughani vitenzi arobaini, lakini nilipokutana na *vînt* katikati ya ukurasa nilisimama kama mgeni stendi ya mabasi. Nilikuwa nimefundisha mdomo, wakati kazi yenyewe ni ya macho. Hakuna Mfaransa atakayekusemesha kwa *chantassions* dukani. Utaisoma: kwenye riwaya za karne ya 19, kwenye hukumu na nyaraka za zamani, kwenye hotuba za watu wanaopenda kusikika wamesoma.

Kwa hiyo usianze na hali hii yenyewe. Anza na *passé simple*, wakati uliopita wa masimulizi ya kwenye maandishi, kwa sababu ndiyo mama yake. Chukua kitenzi katika nafsi ya pili umoja ya *passé simple*, ongeza *-se*, umemaliza: *tu parlas* inazaa *que je parlasse*, *tu pris*, *que je prisse*, *tu voulus*, *que je voulusse*, *tu vins*, *que je vinsse*. Hata vile vitenzi vikorofi vinavyotutoa jasho kwingine, hapa vinatii: *être* ni *tu fus*, basi *que je fusse*, *avoir* ni *tu eus*, basi *que j'eusse*, *faire* ni *tu fis*, basi *que je fisse*. Kitenzi kisicho na *passé simple*, kama *traire* (kukama) au *clore* (kufunga), hakina na hii pia, na hapo unapumzika. Ukitazama utaona sauti zenyewe ni nne tu: *a*, *i*, *u*, na ile *in* ya *venir* na *tenir*. Mambo yote ya jedwali yamo humo.

Sasa nafsi ya tatu umoja, na hapa kaa kidogo, maana ndiyo utakayokutana nayo kuliko nyingine zote. Haifuati wenzake. Haina *-sse*. Ina kofia na *t*: *qu'il parlât, qu'il prît, qu'il voulût, qu'il vînt, qu'il fût, qu'il eût*. Mimi iliniingia siku nilipojua kofia ile ni kaburi la *s*. Zamani waliandika *chantast*. *S* ikanyamaza, baadaye ikaondolewa hata kwenye maandishi, kofia ikawekwa mahali pake. Ni kofia ileile ya *hôpital*, ambamo Wafaransa wameizika *s* na sisi tunaitamka bado tunaposema hospitali. Tangu hapo nikiona *fût* naisoma kichwani kama "fust" na sikosei tena.

Hata mageuzi ya tahajia ya mwaka 1990, yaliyoruhusu watu kuiacha kofia juu ya *i* na *u* katika maneno mengi, hayakuigusa kofia hii. Walijua ukiiondoa, *fut* na *fût* zitakuwa kitu kimoja.

Mtego mmoja: *passé simple* nayo ina kofia zake, kwenye *nous parlâmes* na *vous parlâtes*. Subjonctif imparfait haina kofia hapo, ni *parlassions* na *parlassiez*. Mtego mwingine ni vitenzi vya kundi la *finir*. *Que je finisse* ya sasa na *que je finisse* ya imparfait zinafanana herufi kwa herufi. Zinaachana kwenye nafsi ya tatu umoja peke yake, *finisse* kwa *finît*. Ukikwama, mtafute *il* kwanza.

Je, uiandike wewe mwenyewe? Hapana, au karibu na hapana. Kanuni ya kale inasema kishazi kikuu kikiwa wakati uliopita au hali ya masharti, kishazi tegemezi nacho kirudi nyuma: *Je veux qu'il vienne*, lakini *Je voulais qu'il vînt*. Kifaransa cha leo kinasema *Je voulais qu'il vienne* na hakuna anayeshtuka. Serikali ya Ufaransa yenyewe iliulegeza mkono mapema: agizo la mwaka 1901 liliruhusu wakati wa sasa baada ya hali ya masharti, na la mwaka 1976 likaruhusu vivyo hivyo baada ya wakati uliopita, mtahiniwa asihesabiwe kosa. Na hapa sisi waswahili tuna bahati ambayo walimu wetu hawakututajia. Tunasema "nataka aje" na "nilitaka aje", "aje" ileile, haijali jana wala leo. Mazoea yetu ya nyumbani ndiyo Kifaransa cha kisasa. Acha ulimi wako ufuate Kiswahili, utakuwa salama.

Mimi sikuacha. Baada ya zile wiki tatu nilikuwa na shauku ya kutumia nilichokikariri, nikamwandikia mwenzangu mmoja wa kazi aliyeko Ufaransa: *je souhaiterais que vous m'envoyassiez le dossier*. Sarufi yake haina tatizo. Jibu lilianza na *Votre Majesté*, yaani Mtukufu Mfalme. Ilikuwa sawa na kuvaa joho na kilemba kwenda gengeni kununua nyanya. *Que vous m'envoyiez* ingetosha. Tena kuna maumbo yenye hatari zaidi ya kuchekwa: *que je susse*, kutoka *savoir*, inasikika sawasawa na *suce*, kunyonya. Usijaribu kwenye mkutano.

Kuna mabaki machache, hata hivyo, ambayo bado yako hai magazetini na inafaa uyajue kama misemo mizima. *Fût-il* na *dût-il* hufunguliwa na ufunguo tulio nao tayari, ile "-japo-". *Fût-il roi*, ajapokuwa mfalme. *Dût-il y laisser sa vie*, ajapopoteza maisha yake. *Ne fût-ce que pour un jour*, japo kwa siku moja tu. Angalia jinsi zilivyozeeka pamoja: kama vile sisi tumebaki na "ijapokuwa" na wachache wanasema "ajapokuja", nao wamebaki na *fût-ce* huku mengine yakiwa vitabuni.

Na ile *eût* iliyoniumbua? Hiyo ni *eût* au *fût* ikifuatwa na kitenzi kingine, na mara nyingi inapokaa kwenye kishazi kikuu, kazi yake ni ya "-ngali-". *S'il eût su, il fût venu*: angalijua, angalikuja. Wafaransa wenyewe siku hizi wangesema *S'il avait su, il serait venu*. Ikija baada ya *que*, mambo ni tofauti kidogo. *Bien qu'il fût malade* ni "ingawa alikuwa mgonjwa", hakuna "-ngali-" hapo. Kwa hiyo ukiona kofia, geuza macho kushoto kwanza. Kuna *que* karibu? Basi tafsiri kawaida, ukifuata kiunganishi kinavyosema. Hakuna *que*? Shuku "-ngali-".

Mazoezi yaliyonisaidia hayana ufundi mkubwa. Niliandika kwenye kadi maumbo manane, yote ya nafsi ya tatu: *fût, eût, fît, pût, dût, sût, voulût, vînt*. Nyuma ya kila moja niliandika pacha wake asiye na kofia. Halafu nikatafuta kitabu cha hadithi cha zamani, kalamu ya risasi mkononi, nikawa napiga mstari chini ya kila kofia niliyoikuta kwenye kitenzi na kuisoma sentensi tena kwa sauti katika Kifaransa cha leo: *qu'il vînt* nasema *qu'il vienne*. Dakika kumi na tano jioni, si zaidi. Kurasa za kwanza nilizipita nusu ya kofia bila kuziona. Mwisho wa kitabu zilikuwa zinanichoma macho zenyewe, na hata nilizipata mbili ambazo mchapaji alizisahau.

Ukitaka kujipima, hizi hapa mbili, na usizisome mbio: *Il partit après que la pluie eut cessé. Il partit avant que la pluie eût cessé.* *Après que* inataka jambo lililokwisha kutukia, ndiyo maana haina kofia. *Avant que* inataka subjonctif. Mmoja kati ya mabwana hawa wawili amefika kwake ameloa chapachapa.