Kazi za kozi napasi, mtihani unanipa sapu: kosa liko wapi?

SWALI: Niko mwaka wa pili chuo kikuu. Kazi za Takwimu nazifanya usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na alama huwa nzuri. Mtihani wa mwisho wa muhula nimepata sapu (nimefeli, natakiwa kuurudia), na mada ni zile zile! Nianzie wapi?

JIBU: Alama za kazi ndizo zinazokudanganya. Usiku ule madesa (notisi za somo) yako wazi mbele yako: unatafuta fomula, unaingiza namba, unakusanya. Hakuna ulicholazimika kukumbuka. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapima wanafunzi waliosoma kwa njia mbili. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma andiko waliongoza. Baada ya wiki moja waliongoza waliolifunika na kujipima. Mtihani wako huja wiki nyingi baadaye.

Hasara ya pili ni kukosa nafasi ya kusahihishwa. Ukikwama saa nane usiku, utamuuliza nani? Unanakili hatua ya mwenzako, halafu mtihanini, ukitafuta varianzi ya sampuli (kipimo cha mtawanyiko wa namba), unagawanya kwa n, yaani idadi ya namba, pale panapotakiwa n − 1, kwa sababu hukuwahi kujua tofauti yake.

Siku ile ile unayopewa kazi, kaa nayo dakika 25, usizidishe. Andika kwa maneno yako swali linataka nini, jaribu kipengele cha kwanza bila desa, kisha weka alama mahali ulipokwama. Hapo ndipo pa kupeleka kwenye semina au kwa mhadhiri. Wengi hukwepa kazi kwa kuwa hawajaielewa, wakadhani ni uvivu.

Kisha igawe kazi na kila kipande kipewe tarehe, lakini tarehe hizo azishike mtu mwingine: mwenzako umtumie kurasa ulizoandika, hata kama hazijanyooka. Watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walionyesha mwaka 2002 kwamba wanafunzi waliopangiwa tarehe zilizoachana sawasawa walipata alama nzuri kuliko waliojipangia wenyewe. Kujipangia kunasaidia, ila watu hujihurumia.

Kazi ikishakusanywa, usiizike. Mtihani ukiwa wiki 10 mbele, rudia swali moja au mawili kila baada ya wiki 1 hadi 3, kwenye karatasi tupu, na jibu ulifungue mwisho.

Ratiba nyingi hufa kwa kuandikwa “kusoma Takwimu kwa muda wa saa 2”. Hiyo si kazi. Andika “swali la 3, jumanne baada ya chakula cha mchana, maktaba”. Ukikosa siku moja, usilipize kwa kukesha mara mbili. Endelea na kipindi kinachofuata. Na kama unaahirisha hata mambo yasiyo ya masomo, huku usingizi na hamu ya kula vikipungua, ratiba haitatosha: muone mshauri wa wanafunzi chuoni kwako.