Tumbo la kila Jumatatu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni muuguzi, niko peke yangu kwenye shule ya bweni huku Tabora. Kuna binti wa kidato cha tatu, kila Jumatatu yuko mlangoni: tumbo, kichwa. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, nampa panadoli anaondoka. Juzi akasema, "Sista, nimechoka kuishi." Nikamwambia amwombe Mungu. Tangu hapo silali. Mambo haya chuoni niliyasomea mtihani tu. Nianzie wapi?
Sista wa bwenini

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza leo, kabla ya kengele ya prepo. Mwite, funga mlango, muulize waziwazi: "Uliposema umechoka kuishi, unafikiria kujiua?" Najua neno linakwama kooni. Nami nilipoanza kazi hapa Kigoma niliamini ukilitaja unamtia mtoto wazo. Sivyo, wengi hupumua wakiulizwa.

Akikubali, muulize kama ameshapanga, na kwa kitu gani. Asiachwe peke yake, hata chooni. Mpeleke hospitali ya Kitete siku hiyohiyo, wewe mwenyewe, si kumpa barua aende nayo. Na lile kopo la panadoli lifungie kabatini. Vidonge tunavyogawa kama njugu vikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kuonekana mzima kabisa.

Siri usimwahidi. Mwambie nani utamweleza na kwa nini. Mkuu wa shule ajue, lakini lisifike paredi!

Akikataa, bado hujamaliza. Usingizi je? Chakula? Huzuni imezidi wiki mbili? Halafu hiyo Jumatatu ina nini? Ndiyo siku ya kusomwa majina ya wanaodaiwa michango? Kuna kipindi cha mwalimu fulani? Jumapili anatembelewa na nani? Usiseme anajifanya, tumbo lake linauma kweli. Mimi niliwahi kumwandikia kijana wa Ujiji dawa ya malaria mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Baba yake alikuwa amezama ziwani, nami sikuuliza.

Mtafute mratibu wa afya ya akili wa halmashauri yako, mjuane kabla hamjahitajiana usiku. Binti naye mpe namba 116, simu ya watoto, haina malipo.

Kumtaja Mungu hukukosea. Ulikosea kumwacha aondoke baada ya hapo. Mwite, kisha niandikie Jumatatu ina nini.