Sina kazi, sina mume: je, nyota yangu imefungwa?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina miaka 31, naishi na mama hapa Ujiji. Mkataba wangu wa ualimu uliisha, sasa nauza dagaa na mawese. Wadogo zangu wote wameolewa. Yupo kijana mwenye dini ninayempenda, lakini nikimwona nainamisha uso. Najiona si kitu. Usiku sipati usingizi. Shangazi anasema nyota yangu imefungwa, twende kwa mganga. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, binti yangu.

Kwa mganga usiende. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake ya siku 40. Shangazi yako anakuonea huruma. Mjibu kwa adabu, ila usimfuate.

Kisha fungua Suratul Qasas, aya ya 22 hadi 28. Nabii Musa (a.s.) anaingia Madyan akiwa mkimbizi: hana nyumba, hana kazi, hana mke, na nyuma yake anatafutwa auawe. Anawanyweshea mifugo mabinti wawili asiowajua, anarudi kivulini, anaomba: "Rabbi innii limaa anzalta ilayya min khayrin faqiir", yaani Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Uhitaji wake aliupeleka kwa Mola wake, wala hakuufanya ushahidi kwamba ametupwa. Wewe umeufanya hivyo, na hapo ndipo ninapokupinga. Mara anakuja mmoja wa wale mabinti, akitembea kwa haya, kumwita kwa baba yao; na ni mmoja wao aliyemwambia baba amwajiri. Musa akapata amani, kazi na mke. Na uone, binti yangu: mwenye haya yule alifikisha ujumbe wake bila kutetemeka.

Kwa hiyo kuhusu huyo kijana, swali istikhara, yaani swala ya kumwomba Allah akuongoze kwenye lenye kheri, rakaa mbili, kisha umtume mtu mzima mwenye kutunza siri akamuulize nia yake, naye walii wako, yaani msimamizi wa ndoa yako, ajue. Hakuna aibu. Bibi Khadija (r.a.) alimtuma rafiki yake Nafisa kwa Mtume kwa jambo hilihili. Kijana akikataa utaumia, sikufichi, lakini kukataa kwake hakukupunguzii kitu mbele ya Allah.

Na usiseme huna kazi. Dagaa ni kazi, ni riziki ya halali, na Bibi Khadija mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Barua za kuomba ualimu endelea kuzipeleka.

Usingizi ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Soma asubuhi na jioni: "Allaahumma innii auudhu bika minal hammi wal hazan", yaani Ee Allah, najikinga kwako na wasiwasi na huzuni. Hali ikiendelea, nenda hospitali ya Maweni, kwani Mtume ametuamuru tujitibu. Ukifika, mweleze daktari hofu na huzuni zote; usimwambie kichwa tu kinauma.

Wallaahu aalam.